Binti yangu analilia hesabu za kutoa

SWALI: Shangazi, shikamoo. Binti yangu yuko gredi ya tatu hapa Kisauni. Kujumlisha hana neno, ila 52 kutoa 27 aandika 35. Nikimwelekeza, kilio. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakubahatisha huyo: kaona 2 haitoi 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Kalamu weka kando. Mpe sarafu 5 za shilingi kumi, na 2 za shilingi moja, akununulie mahamri ya shilingi 27. Za moja hazitoshi. Mvunjie kumi moja apate moja-moja kumi. Sasa anazo za moja 12, atoe 7; na za kumi 4 zilizobaki, atoe 2. Atabakiwa na 25 (na mahamri, yatamnyamazisha). Ndipo aandike. Jioni akitoka chuoni (madrasa) keshachoka, usimkalishe. Jumamosi asubuhi yatosha.