Usifunge karakana, dada; rudi kwanza kwenye mkasi

Dada yangu wa Mwanza, pole. Ulianza kwa kupenda kushona, sasa una mafundi watano na siku nzima inaishia kugombeza na kutuliza wateja. Wawili wameondoka, unamkata mshahara anayeharibu kitambaa, na sasa unaniandikia kuwa unawaza kufunga.

Mimi naona uchovu wako unatokana na kuiacha kazi uliyoipenda. Tenga asubuhi mbili kwa wiki ukate vitambaa vya nguo ngumu, za harusi hasa, mwenyewe. Mafundi wakikuona unavyopima kiuno mara mbili kabla ya kugusa mkasi, watajifunza kuliko kwa kelele. Fundi mzoefu mpe apokee oda na apange tarehe za kuchukua nguo. Muongezee na posho, maana madaraka bila malipo ni mzigo tu. Anayekosea, mwite pembeni. Ukimsema mbele ya mteja umempoteza.

Hilo la kukata mshahara kwa kitambaa kilichoharibika liache haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kosa liwe lake kweli, umpe maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Walioondoka, kama unawadai au wanakudai, zungumzeni mapema. Wakienda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, tafuta wakili au afisa kazi akushauri kabla hujasaini chochote.

Na kama baada ya miezi michache bado huna raha, kubaki na fundi mmoja si aibu hata kidogo.