Nimefunga akaunti niliyoiandika kwenye kodi: marejesho yetu yataenda wapi?

Swali: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Columbus, Ohio. Mwaka huu tulifaili kodi kwa pamoja mapema Februari kupitia mtu anayetusaidia kila mwaka. Baadaye tukahamia benki nyingine, na ile akaunti ya zamani tukaifunga kabla pesa hazijaingia. Nimeingia kwenye tovuti ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), sioni mahali pa kubadilisha namba ya akaunti. Juzi tena imeingia meseji inayonitaka nithibitishe benki yangu ili nipokee dola 1,400 za msaada wa serikali. Niijaze? Na pesa zetu za kodi zitaenda wapi?

Jibu: Dada, hiyo meseji ifute sasa hivi, na usibonyeze kiungo chake. Dola 1,400 zilikuwepo kweli, lakini zilikuwa malipo ya tatu ya msaada wa Uviko, ya mwaka 2021. Aliyezikosa alitakiwa kuzidai kwenye ritani (fomu ya kodi ya kila mwaka) ya mwaka huo wa kodi, na mwisho wa kufanya hivyo ulikuwa 15 Aprili 2025. Wezi wanafanikiwa kwa sababu watu wanakumbuka kwamba mwaka 2020 IRS iliweka kweli ukurasa wa kujaza namba ya benki ili upate msaada. Ukurasa ule ulikuwa wa malipo yale tu, na ulishafungwa. IRS ikikutafuta, kwa kawaida huanza na barua ya posta.

Tuje kwenye marejesho, yaani pesa za kodi mnazorudishiwa. Hukupaona mahali pa kubadilisha akaunti kwa sababu hapapo. Ritani ikishapokelewa na kuingia kwenye mfumo, namba mliyoandika ndiyo itakayotumika. Kutuma ritani ya marekebisho, Fomu 1040-X, hakuigusi namba hiyo. Fomu 8822, ambayo watu huishauri sana, ni ya kubadilisha anwani ya nyumbani tu. Kama ritani ingekataliwa mngerekebisha namba na kuituma upya, na kama ingekuwa bado haijaingizwa mngeweza kupiga simu 800-829-1040 na kuomba wasitume pesa benki. Lakini marejesho mengi ya waliofaili kwa kompyuta hutoka ndani ya siku 21, kwa hiyo nafasi hiyo hupita haraka, na ninyi nadhani imeshawapita.

Kabla ya kumpigia mtu yeyote, toa nakala ya ritani yenu, ukurasa wa pili wa Fomu 1040. Mstari wa 35b una namba ya rautingi, tarakimu 9 zinazoitambulisha benki. Wa 35d una namba ya akaunti. Zilinganishe na karatasi za benki yenu ya zamani, moja baada ya nyingine. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi mtu anahangaika kuhusu akaunti aliyoifunga, kumbe namba iliyo kwenye ritani si ya akaunti hiyo kabisa.

Inakuwaje? Mwulize aliyewafailia kama ada yake mlimlipa taslimu au mlikubali ikatwe kwenye marejesho. Ikiwa ilikatwa, IRS hutuma pesa kwanza kwenye akaunti ya muda iliyofunguliwa na benki ya kati. Benki hiyo hukata ada ya mtayarishaji na ada yake yenyewe, ndipo inawasukumia ninyi kilichobaki. Ukifuatilia kwa IRS utaambiwa pesa zimeshatumwa, na ni kweli zimetumwa, ila zimekwama hatua ya pili. Hapo IRS haina la kukusaidia. Mbaneni mtayarishaji awape jina na simu ya kampuni inayoshika malipo hayo, kisha muiulize kampuni yenyewe pesa ziko wapi na watawalipaje sasa. (Na mkikuta namba ile ni ya akaunti yake binafsi, sheria haimruhusu mtayarishaji kupokea marejesho ya mteja kwenye akaunti yake. Malalamiko yanapelekwa kwa Fomu 14157.)

Tuseme namba ni yenu na ni ya ile akaunti iliyofungwa. Basi tulieni kidogo, maana hii ndiyo hali nyepesi: benki ikikuta akaunti haipo, hurudisha pesa IRS. Zamani IRS ingewaandikia hundi bila kuwauliza. Lakini kuanzia 30 Septemba 2025 wameanza kuachana na hundi za karatasi, kwa hiyo siku hizi pesa zikirudi hutumwa barua iitwayo CP53E. Tangu tarehe ya barua mna siku 30 za kuingia kwenye akaunti yenu ya IRS mtandaoni na kuweka namba mpya ya benki. Msipoijibu, hundi hutolewa baada ya wiki 6 hivi kama hakuna tatizo jingine. Kufungua akaunti hiyo ya mtandaoni kunahitaji kuthibitisha utambulisho kupitia tovuti ya ID.me, kwa kitambulisho chenye picha na simu ya kupiga picha ya uso. Fanyeni hivyo wiki hii, barua isije ikawakuta bado mnahangaika na kamera. Na kama mmehama nyumba pia, sasa Fomu 8822 ina kazi, maana barua huenda kwenye anwani waliyo nayo.

Hali mbaya ni ile ya tarakimu moja kukosewa, pesa zikaangukia akaunti ya mtu mwingine na benki ikazipokea. Nendeni kwanza kwenye benki hiyo. Ikishindikana, jazeni Fomu 3911 ya kutafuta malipo. Kwa kuwa mlifaili kwa pamoja, mashine ya IRS inayopokea simu haitawafungulia madai, hivyo jazeni fomu na mtie sahihi wote wawili. Benki inaweza kuchukua hadi siku 90 kujibu IRS. Mwenye akaunti akikataa kurudisha, IRS haiwezi kuilazimisha benki, na mnabaki kudaiana ninyi na huyo mwenye akaunti.

Kumbukeni pia kwamba marejesho ya jimbo la Ohio ni ofisi nyingine na malipo mengine. Akaunti mkiibadilisha IRS, Ohio haijui. Vivyo hivyo, kama nyumbani kuna mzee anayepokea SSI (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo), benki yake hubadilishwa kwa ofisi ya Social Security.

Kwenye ukurasa wa IRS wa kufuatilia marejesho utaombwa vitu vitatu: namba ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya asiye na ile ya Social Security), aina ya ufailaji, yaani wanandoa kwa pamoja, na kiasi kamili cha marejesho, kile cha mstari wa 35a, si kile mtayarishaji alichokutajia kwa mdomo. Ukurasa husasishwa mara moja kwa siku. Ukipiga simu, sema mwanzoni kabisa kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo hailipiwi.