Maswali na Majibu: Kompaila Haipachiki Isichokiona

Fanksheni yangu ya mistari mitatu imo kwenye nguvu.c, kitanzi kinachoiita kimo kwenye main.c. Nimeweka -O3 (swichi ya kuomba kasi zaidi), kasi ni ileile. Kwa nini?

Kwa sababu kompaila husoma faili mojamoja. Ikifika main.c inaliona jina la fanksheni tu, mwili wake haiuoni, hivyo haiwezi kuupachika ndani ya kitanzi; inaiita upya kwa kila namba, na mwito wa namna hiyo unakizuia kitanzi kugeuzwa kuwa vekta, yaani kushughulikia namba kadhaa kwa mpigo mmoja. Hamishia mwili kwenye faili la .h kama `static inline`, au weka -flto (inayofanya faili zote zitazamwe pamoja) unapokompaili na unapounganisha. Kisha kompaili kwa -fopt-info-vec-missed ukitumia GCC (kwa Clang ni -Rpass-analysis=loop-vectorize). Ripoti itakutajia faili, mstari na sababu, mathalani main.c:14. Tafadhali isomeni kabla ya kuniandikia. Nusu ya maswali yenu yamejibiwa humo.

Ikilalamikia pointa, tia `restrict`, ahadi kwamba pointa hazigusi data moja, ila tu kama una hakika safu hazipandani. Zikipandana, majibu yataharibika bila onyo lolote.

Neno `inline` si linailazimisha kompaila kupachika fanksheni?

Hapana. Nimeshalijibu hili mara nyingi.

Kitanzi changu cha kujumlisha kinageuka vekta nikiweka -ffast-math tu. Niibakize?

Iondoe. Kujumlisha namba za desimali kwa mpangilio mwingine hubadilisha tarakimu za mwisho, ndiyo maana kompaila haithubutu bila ruhusa yako. Lakini swichi hiyo inatoa ruhusa kubwa mno: inachukulia kwamba NaN (thamani isiyo namba) haipo kabisa, kwa hiyo ukaguzi wako wa `isnan` unaweza kufutwa, na data mbovu ikapita hadi kwenye matokeo. Andika `#pragma omp simd reduction(+:jumla)` juu ya kitanzi hicho kimoja, ukompaili kwa -fopenmp-simd, kisha linganisha jumla mpya na ya zamani. Kama kikwazo ni `sqrt`, -fno-math-errno yatosha.

Niweke `always_inline`, inayolazimisha kupachika, kila mahali?

Usifanye hivyo. AVX2, maagizo ya vekta ya prosesa za Intel na AMD, ina rejista 16 za vekta, yaani nafasi za kushikia namba ndani ya prosesa. Kitanzi kikinenepa kupita hapo, thamani zinamwagwa kwenye kumbukumbu na kurudishwa kila mzunguko.

Nimetumia -march=native, programu inakufa kwenye mashine nyingine.

Ulikompaili kwa ajili ya prosesa yako. Kama mashine zote zina AVX2, tumia -march=x86-64-v3. Usipoweka swichi hiyo kabisa utabaki na SSE2, maagizo ya vekta ya zamani zaidi, `double` mbili kwa mpigo badala ya nne.