Maumivu ya kifundo na tiba za karne ya 18

Ndugu, umeuliza iwapo mpigaji wa viola da gamba, ala ya kale ya nyuzi ipigwayo kwa upinde, anayejitahidi kuupiga muziki wa karne ya 18 kama ulivyopigwa wakati wake anapaswa pia kujitibu maumivu ya kifundo cha mkono kwa njia za enzi hizo, ikiwemo kutolewa damu. Nakusihi usifanye hivyo. Nenda kwa daktari wa leo.

Nyuzi za utumbo wa kondoo, kama zilizotumika enzi hizo, hubadilisha sauti ya ala, na msikilizaji huisikia tofauti hiyo, ilhali kutoa damu kutakudhoofisha tu. Wanamuziki wenyewe waliumizwa na tiba zile. Mwaka 1750 tabibu John Taylor alimpasua mtunzi wa muziki Bach macho mara mbili mjini Leipzig. Bach akapofuka kabisa, na tarehe 28 Julai mwaka huohuo akafariki. Handel, mtunzi mwingine, naye alipita mikononi mwa Taylor mwaka 1758, wala hakupata kuona tena.

Ukitaka kuikaribia hofu ya wagonjwa wale, jifunze kipande cha Marin Marais, mtunzi na mpigaji wa viola da gamba wa Ufaransa, kilichochapishwa mwaka 1725, kinachosimulia upasuaji wa kutoa jiwe la kibofu, bila ganzi. Maelezo yameandikwa pamoja na noti: mgonjwa anatetemeka akiviona vifaa, anafungwa mikono na miguu kwa kamba za hariri, anapasuliwa, jiwe linavutwa, sauti inakaribia kumkauka, damu inatiririka. Mtafute mtu ayasome kwa sauti unapopiga, wala msiyaharakishe yale ya mwanzo, kwa maana hofu kubwa imo humo, kabla ya kisu. Ila mkono upone kwanza.