Lichungulie faili la tar kabla ya kulifungua

Wadogo zangu mnaoanza kuandika programu hapa Lubumbashi, leo nataka tuzungumzie amri moja tu ya Python: extractall(), ile ya maktaba ya tarfile inayotoa mafaili yote yaliyofungwa ndani ya faili moja la tar.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika ofisi moja ya Kamalondo, niliandika programu ya kupokea data za matawi kwa kutumia extractall(). Mega ni ghali, kwa hiyo kila tawi lilikusanya mafaili yake katika faili moja la tar na kulituma kwa flashi. Siku moja flashi ikafunguka vizuri, skrini haikuonyesha kosa lolote, lakini baada ya hapo hifadhidata ikakataa kila mtu. Tulihangaika mpaka jioni. Nilipoorodhesha majina yaliyomo ndani ya lile faili, moja lilianza na mkwaju, yaani njia inayoanzia juu kabisa ya diski: /etc/ (folda la mipangilio ya mfumo), kisha jina lilelile la faili letu la mipangilio. Python ilikuwa imeliacha folda nililoitajia, ikaenda kuandika juu ya faili letu. Nami niliiendesha programu kama root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, basi hakuna kilichoizuia.

Mwenzetu wa tawini hakuwa na nia mbaya. Mwenye nia mbaya angetumia ../ mara kadhaa, kila moja ikipanda folda moja juu, mpaka afike anapotaka.

Udhaifu huu unajulikana kama CVE-2007-4559, namba yake katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Tangu 2007 kilichokuwepo ni onyo kwenye maelezo ya maktaba, na nani husoma onyo akiwa na haraka? Mwaka 2022 watafiti wa Trellix, kampuni ya usalama wa kompyuta, waliukuta upya, wakakadiria kuwa miradi 350,000 ya chanzo huria imo hatarini. Python 3.12, mwaka 2023, ikaleta kichujio: andikeni extractall(folda, filter="data"), nayo itakataa jina linalotoka nje ya folda. Toleo la 3.14 hukitumia lenyewe. Matoleo ya 3.8 hadi 3.11 yalipata kichujio kupitia marekebisho, lakini mashini isiyosasishwa haina. Na mwaka 2025 kichujio chenyewe kilikutwa na matundu, yakazibwa, kwa hiyo sasisheni hata kama megabaiti zinauma.

Maktaba ya zipfile huondoa ../ yenyewe. Msiifananishe na tarfile.

Flashi ikifika mezani kwangu sasa, naanza na getnames(), inayoorodhesha yaliyomo bila kuyafungua, nayasoma majina yote, na programu inaendeshwa na mtumiaji asiye na ruhusa ya kugusa /etc.