Chumba cha Dar hakitafutwi kwa simu

Wiki hii nimepata ujumbe: "Shikamoo dada. Nimechaguliwa Mlimani, hosteli nimekosa, Dar sina ndugu. Kuna dalali nimempata Facebook ana chumba Changanyikeni, anataka nimtumie kwanza hela ya kukishikilia. Nitume?"

Marahaba mdogo wangu. Usitume. Akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwache ampe huyo mteja.

Kukosa hosteli si mwisho wa dunia. Hosteli za Magufuli za hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilifunguliwa 2017, zinachukua wanafunzi 3,840, na bado kila Oktoba watu wanahangaika na mabegi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Na nilikuwa na ndugu, tena wa damu, kule Gongo la Mboto. Naamka saa kumi alfajiri, nagombania daladala, nafika darasani nimechoka kama mpiga debe. Hilo lilivumilika. Lililonishinda ni sukari. Jioni moja shangazi alimuuliza mwanawe wa darasa la tatu, kwa sauti ya kunifikia mimi jikoni, "Siku hizi sukari inakwendaje humu ndani?" Mtoto akanitazama. Miaka imepita, nyumba ile nakwenda kwenye misiba tu.

Nikabebwa na rafiki yangu hosteli ya chuo ya Mabibo, kitanda kimoja, tunalala mzungu wa nne, mlinzi akipita nazima hata pumzi. Halafu nikaanza kutafuta geto.

Dalali wa kwanza alinipeleka kwenye chumba cha bei poa kweli, bondeni, si mbali na Riverside. Ukuta ulikuwa na rangi mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti. Juu ya hapo rangi ya zamani. Nikamuuliza kwa nini wamepaka nusu. Akasema ndiyo fasheni. Fasheni gani! Yalikuwa maji ya mvua yameingia, wakaficha alama. Nikamwambia kaka, tuondoke. Nilikuwa binti wa mkoani, lakini macho ninayo.

Chumba nilichokaa hadi namaliza chuo hakikutoka kwa dalali yeyote. Kilitoka kwa dada wa mwaka wa tatu aliyekuwa anaondoka, pale Msewe. Alinitambulisha kwa mama mwenye nyumba, na ile kodi ya mwezi mmoja ambayo dalali huchukua ikabaki mfukoni mwangu. Kwa hiyo waulizeni wanaomaliza. Narudia, wanaomaliza, maana wao hawana cha kuuza.

Mama alitaka kodi ya miezi sita mkupuo. Tukashea wawili. Tuliandikishana, tukapeleka karatasi serikali ya mtaa ikagongwa muhuri, na muhuri huo ndio ulionisaidia alipotaka kupandisha kodi katikati ya mkataba. Na ulizeni LUKU, umeme wa kulipia kabla, iko vipi. Mita moja vyumba sita, mmoja ana friji na mwingine anapika kwa jiko la umeme, mchango ni sawa kwa wote. Wewe mwenye taa moja ndiye unayewalipia.

Sasa niseme ukweli, hata kama utauma. Vijana wengi hawakosi chumba, wanakosa chumba cha kupigia picha. Tangu 2022 hela ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, zamani ilikuwa 8,500, na bumu likichelewa mwenye nyumba hachelewi. Wewe unataka masta yenye marumaru, feni na geti, halafu wiki ya mitihani unaomba unga kwa jirani. Aibu ya nini kupanga uani? Choo cha nje hakijawahi kumnyima mtu digrii.

Mdogo wangu wa mwisho nilimtafutia chumba Kimara, nyumba ya tofali za kawaida, mwendo mfupi hadi kituo cha mwendokasi. Alipokiona akanuna siku nzima. Yumo humo hadi leo, na bado hajanipigia kuniomba hela ya kula.