Menengai imelala, haijafa

Mwalimu, kabla hujawapeleka watoto wa klabu Menengai, ile volkano iliyo karibu na mji wa Nakuru, Kenya: si kweli kwamba ilizimika kabisa. Wanajiolojia wanaihesabu kati ya volkano zilizolala. Lile shimo lake kubwa, kama kilomita 12 kwa 8, lilitokea mlima ulipoporomoka kwa ndani baada ya milipuko mikubwa, wa mwisho wa aina hiyo ukikadiriwa kuwa miaka 8,000 hivi iliyopita. Lava nyeusi iliyotapakaa sakafuni ilimwagika baadaye, na kuna mahali haijaota hata nyasi.

Ushahidi mzito ni visima vya mvuke ambavyo GDC, kampuni ya serikali ya Kenya ya nishati ya mvuke wa ardhini, ilianza kuchimba humo 2011. Baadhi vilipofika kina cha kilomita 2 hivi vilitoa vipande vya kioo cha volkano, yaani magma iliyopozwa ghafla na maji ya kuchimbia. Moto uko huko chini, si porojo.

Mvuke mnaouona mkiwa ukingoni ni maji ya mvua yaliyozama yakapashwa na miamba. Asubuhi ya baridi huonekana mzito zaidi, na hiyo si dalili ya kulipuka. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha wenyewe: wapige picha kutoka sehemu ileile, waandike saa na halijoto ya hewa.

Ila wafanyie huko juu. Chini mvuke unaunguza, na gesi ya kaboni dioksidi inaweza kutuama kwenye mashimo. Mkitaka kushuka, tafuteni mwongozaji wa hapo.